Mzigo wa Kwanza wa Mzee Filbert Lihawa

Kabla hujasoma habari za mtu mwingine, ujue kwanza anayeandika ni nani. Ni mimi, Kipanga, msukuma mkokoteni mwenye mbio kuliko yeyote aliyewahi kukanyaga Kariakoo tangu iitwe Kariakoo. Nikishika mikono ya mkokoteni, taa za Msimbazi hugeuka kijani zenyewe, kwa adabu. Nikitoka hapa na marobota kwenda Buguruni, mimi nafika leo, kivuli changu kinafika kesho. Trafiki wamenikubali, mabinti wamenikubali, na Kiswahili nacho kimenikubali ingawa na shule tuliachana kidato cha pili. Ndiyo maana Umoja wa Bega, chama chetu cha wabeba mizigo wa Mtaa wa Mkunguni, ukanipa mimi kalamu. Wengine walipopewa waliishika kama wameshika msumeno.

Haya, tuingie kazini. Mzee Filbert Lihawa anastaafu rasmi leo Jumamosi, baada ya kubeba mizigo Kariakoo kwa miaka thelathini na nne. Alikuja mjini kutoka Mahenge, kijana mrefu mwenye shingo ya twiga, akiwa na rozari shingoni na ngata mkononi, ile kanga kuukuu inayosokotwa duara ikakaa kati ya kichwa na mzigo. Rozari alipewa na paroko, ngata alipewa na mama yake. Vyote viwili anavyo mpaka leo, na ukimuuliza kipi kimemsaidia zaidi atakwambia havitofautiani sana, vyote ni vya kukaa chini ya uzito.

Alianza na kichwa, akaenda bega, akaenda mkokoteni. Amebeba nyanya, amebeba majokofu, amebeba mitumba, amebeba vitanda vya maharusi na kesho yake akavirudisha dukani ndoa iliposhindikana kabla haijaanza. Hakuwahi kudondosha kitu cha mtu. Mimi nimedondosha, lakini leo si siku yangu.

Asiyejua Kariakoo aambiwe hivi. Hapa kila mtu anafungua. Mwenye duka anafungua kwa mteja wa kwanza, mama ntilie kwa sahani ya kwanza, na sisi kwa mzigo wa kwanza wa siku. Cha kufungulia hakikopeshwi, hakipunguzwi, na hakitolewi bure hata kwa mama mzazi. Ukifungua kwa bure umejifungia mwenyewe, siku nzima wateja watakupita kama nguzo ya umeme. Hili halina dini. Waislamu wanaliamini, Wakristo wanaliamini, Wahindi wa madukani wanaliamini, na asiyeliamini analifuata hivyohivyo, kwa tahadhari.

Sasa Mzee Filbert yeye mzigo wake wa kwanza, kila asubuhi iliyoumbwa na Mungu, aliubeba bure. Alimtafuta mtu asiye na uwezo, akajitwika mzigo wa mtu huyo kichwani pake mwenyewe, akaufikisha, akasema "Bwana asifiwe" au "Alhamdulillahi" kulingana na mwenye mzigo, akarudi kijiweni kuanza kutafuta riziki. Aliuita mzigo wa Simoni. Huyo Simoni ni yule Mkirene aliyekuwa anapita zake njiani akitokea shamba, askari wakamkamata wakamtwika msalaba wa Yesu. Mzee Filbert alikuwa anasema Simoni ni kuli mwenzetu. Tena akiona tunacheka anaongeza kwamba hata Kariakoo hii imepewa jina la wapagazi wa vita vya wazungu, watu waliokamatwa njiani vilevile, wakatwikwa, na wengi wao hawakurudi. "Nyie mnaona aibu ya kubeba bure," alikuwa anasema, "na mnaishi ndani ya jina lao."

Siku ya kwanza alipofanya hivyo, mzigo ulikuwa wa Bi Mauza. Bi Mauza anauza ndimu na tangawizi kwenye kona yetu, na enzi hizo ndiyo kwanza alikuwa amefiwa na mume, hana hata mtu wa kumshushia kikapu. Alipoambiwa habebewi kwa pesa, alikasirika. Alidhani kijana wa Mahenge anamtaka. Alimfukuza kwa mwavuli mpaka Mtaa wa Sikukuu, Filbert anakimbia na kikapu cha ndimu kichwani na haidondoki hata moja. Tangu siku hiyo ni ndugu.

Rajabu, mwenyekiti wetu, alijaribu kumweka sawa. Rajabu ni mtu wa swala tano na hasira kumi. Alimwita pembeni akamwambia, "Filbert, sadaka hata kwetu ipo. Lakini mtu anatoa jioni, akishajua amepata nini. Wewe unatukaribishia nuksi kijiweni alfajiri."

"Jioni natoa kilichobaki, Mwenyekiti," akajibu. "Simoni hawakumsubiri ale kwanza."

Rajabu akaenda zake akisema mtu huyu apewe kijiwe cha peke yake. Hakupewa. Ila kwa muda mrefu watu walihakikisha hawasimami karibu naye asubuhi, wasije wakaambukizwa.

Tusiongee huzuni tu, sherehe ni sherehe. Kuna Ijumaa Kuu moja parokia yao ilifanya igizo la Njia ya Msalaba mitaani, na nani mwingine angekuwa Simoni? Yesu alikuwa kijana wa kwaya, mwembamba kama ufito, na msalaba ulikuwa wa mninga. Kituo cha tano kikafika, askari wakamkamata Filbert, akautwaa msalaba, akauweka begani. Hapo mazoea yakamshika. Kuli akishapata mzigo begani hajui kutembea. Alitoka mbio anapiga kelele, "Njia! Njia! Mzigo mzigo mzigo!", watu wakapisha, bajaji zikapisha, akafika Golgota akautua, akafuta jasho, akageuka kumtafuta mwenye mzigo. Yesu alikuwa bado yuko nyuma kabisa, anamuuliza muuza miwa kama kawaona. Paroko alisema siku ile historia ya wokovu nusura ibadilike.

Hayo ndiyo tunayopenda kusimulia. Kuna mengine hatupendi.

Bwana Indravadan, mwenye duka la vyombo, alimwona ni mwaminifu akamwita awe mtunza stoo. Akae kwenye kiti, ashike funguo, jua limkute kivulini. Tatizo stoo ilifunguliwa saa ileile ya mzigo wa Simoni. Filbert akashukuru, akakataa. Bwana Indravadan alishika kichwa. "Filbert, Mungu wako hawezi kusubiri nusu saa?" Filbert akasema Mungu anaweza, mwenye mzigo ndiye hawezi. Jioni alipomsimulia mke wake Severa kule Buguruni wanakopanga, Severa alimpikia kama kawaida ila hakumpakulia. Ilichukua wiki kadhaa kurudi kumpakulia. Neno alilosema tunalo wote kijiweni, kwa sababu alikuja kulisema mbele yetu, mkono kiunoni: "Bwana Yesu ana mabega yake. Haya uliyonayo wewe ni ya watoto wangu."

Na Severa hakukosea hesabu. Chumba kile walichopanga walipooana ndicho wanachokaa mpaka leo, na bati linavuja palepale. Binti yao Celina alisomea uuguzi nusu. Nusu nyingine iko chuoni inamsubiri, yeye anauza juisi ya miwa Buguruni sokoni. Nilimuuliza siku moja kwa utani kama baba yake amemwachia urithi gani. Akaniambia, "Ameniachia watu wengi wanaonisalimia."

Mwaka ule soko lilipoungua, wafanyabiashara wakatawanyishwa, kazi zikakauka, tukawa tunakaa kijiweni tunaangaliana kama abiria wa meli iliyofutwa. Siku nyingine mtu anapata mzigo mmoja tu mpaka jua linazama. Na Filbert akiupata huo mmoja, ni wa kwanza, basi ni wa Simoni. Anabeba bure, anarudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu. Nilimwambia, "Mzee, Simoni mwenyewe angekuwa Kariakoo mwaka huu angedai angalau nauli." Alicheka, lakini hakucheka kwa macho.

Kilichokuwa kinamtesa si njaa. Kilichomtesa ni kwamba alitaka wanafunzi. Alikuwa anasema mtu akimfuata Yesu peke yake, bila mtu nyuma yake, hajui kama bado yuko njiani au amepotea. Basi alikuwa anawachukua vijana wapya, anawafundisha kusokota ngata, kukunja magoti badala ya mgongo, kusukuma mkokoteni mlimani kwa mshazari, halafu mwisho anawaambia habari za mzigo wa kwanza. Mmoja alikubali, akapata bodaboda, akasema bodaboda haina Simoni. Mwingine aliokoka kanisa jingine ambako walimwambia Mungu hataki mtu wake abebe, anataka abebwe. Yule wa tatu alibeba vizuri sana, mpaka ilipogundulika kwamba akifika kwa mama wa watu anamnong'oneza, "Basi hata ya maji, mama." Na wa mwisho ni mimi. Nilibeba mzigo wa Simoni asubuhi moja, magunia ya mkaa ya bibi mmoja kipofu, nikawa mweusi mpaka kope. Siku ile sikupata kazi nyingine. Kesho yake nikamrudishia Simoni wake.

Wajanja nao hawakuchelewa. Mwenye stoo moja ya viazi, jina nalihifadhi kwa sababu bado ananipa kazi, aliona akiwahi alfajiri, akavaa ndala zilizokatika na kofia iliyopauka, anabebewa bure. Tena hakuleta gunia la kistaarabu. Alileta lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likashonewa kilemba juu. Sote tulimjua. Tulimwambia Filbert, "Mzee, huyo ana gari mbili." Akasema Simoni hakuuliza msalaba ni wa nani. Akabeba. Mwaka jana, wakati wa masika, chini ya lumbesa ya mtu huyohuyo, mgongo wa Mzee Filbert ulilia. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, niliusikia. Alipiga magoti kwenye tope la Mtaa wa Sikukuu na gunia bado liko kichwani, amelishika kwa mikono miwili, hataki lidondoke. Mwenye viazi akaita guta la matairi matatu, akahamishia viazi. Filbert alibaki kapiga magoti.

Hospitali walisema asibebe tena, hata ndoo. Pikipiki hawezi kupanda. Kutembea anatembea, kwa fimbo, toka kitandani mpaka benchi la mlangoni.

Nilienda kumwona na machungwa. Nilimwambia, "Shikamoo, mgonjwa wa uongo." Akasema marahaba. Halafu akasema jambo ambalo sikulipenda. Alisema, "Kipanga, miaka yote hii nilifikiri nawaonyesha njia. Sasa nalala hapa nawaza, labda niliwazibia. Maana kila alipotokea mtu hana uwezo, nyinyi mlisema, yupo Filbert." Nikamwambia asiwaze hivyo, ni dawa zinamchanganya. Akasema siku hizi akisali anasikia sauti yake mwenyewe tu, inakwenda inagonga bati, inarudi. Nilimenya chungwa.

Umoja ulipokaa kupanga kumuaga, Rajabu alimpigia kumuuliza anataka zawadi gani, godoro au mbuzi. Mzee akajibu hataki godoro, hataki mbuzi. Anataka mtu mmoja. Mtu mmoja tu wa kuchukua mzigo wa kwanza, hata kama si Mkristo, hata kama haamini chochote, ili siku moja mzigo huo usionekane ulikuwa wazimu wa mtu mmoja tu. Rajabu alitupelekea ombi lile kwenye kikao. Tuliangalia chini kama tumedondosha sarafu. Mwenyekiti akafunga kwa kusema, "Tutaliangalia," na katika Bongo hii yote hakuna neno linalomaanisha hapana kuliko hilo. Tukanunua godoro.

Pamoja na yote, Umoja wa Bega unamshukuru Mzee Filbert Lihawa. Ametufundisha kukunja magoti, ametupatanisha tulipogombania wateja, amezika wenzetu waliokufa bila ndugu, na jeneza siku zote alishika upande wa mbele. Tunamshukuru Mama Severa kwa kutuazima mume alfajiri zote zile, tukijua hatukuomba ruhusa. Mzee, mgongo wako upate kulala juu ya kitu laini. Severa akupakulie kwa mkono wake. Na asubuhi zako zilizobaki zisikukute na lumbesa ya mtu.

Karatasi hii ilitakiwa kuishia hapo, nami ndiye ningeisoma ukumbini Jumamosi kwa sauti yangu hii inayopendwa. Haikusomwa. Inabandikwa ukutani kijiweni leo, na naongeza lililotokea, maana watu wanasimulia kila mtu na lake.

Sisi tuna desturi. Mwanachama haji kwenye sherehe yake kwa miguu wala kwa gari. Akioa, akistaafu, wenzake wanamfuata kwake, wanampakia kwenye mkokoteni uliopambwa, wanamsukuma mpaka ukumbini kwa nyimbo. Mkokoteni niliupamba mimi Ijumaa jioni, riboni za dhahabu, maputo, godoro jipya juu yake mgongo usiumie. Kikao kilisema vijana watamfuata Buguruni alfajiri, apitie misa ya asubuhi, halafu apumzike kwa Bi Mauza mpaka mchana, ndipo twende ukumbini Mnazi Mmoja.

Vijana watamfuata. Hatukusema vijana gani.

Alfajiri ya Jumamosi nilifika kijiweni, mkokoteni upo na maputo yake. Nikasema wa kumfuata wanakunywa chai. Tena nikawaza, nikienda mimi nitafungua kwa bure. Siku ya Jumamosi! Ngoja nifungue kwanza kwa mzigo wa maana, halafu kama hawajaenda nitaenda, kwani mimi na Buguruni ni dakika. Nikapata marobota ya mitumba, nikaondoka. Baadaye nilikuja kujua kila aliyefika alisimama pale, akaangalia maputo, akawaza vilevile, akaenda kufungua. Bi Mauza aliona mkokoteni haujaondoka, akadhani tumeamua kumleta kwa gari kwa ajili ya mgongo.

Mchana tukakutana ukumbini, kila mmoja katokea njia yake, tumeoga, tunanukia. Pilau ipo, soda zipo, spika zinaunguruma. Kiti kikubwa kimefunikwa kitambaa cheupe. Tukapiga makofi ya mazoezi. Bi Mauza ndiye aliyeuliza, "Wanangu, mwenyewe mmemleta na nani?" Rajabu akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia nyuma yangu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Rajabu akapiga simu, na kwa haraka alisahau kuiweka mbali na kipaza sauti. Akapokea Severa. Ukumbi mzima tulimsikia. "Amevaa suti tangu kabla ya jogoo. Yuko kwenye benchi. Misa imempita. Nimemwambia niite bajaji, anakataa, anasema wenzangu wanakuja na mkokoteni, tukipishana njiani watajisikiaje." Kisha ikasikika sauti ya mzee mwenyewe, imepoa, haina ugomvi. Akatusalimia wote. Akauliza kama tumekula. Halafu akauliza, "Leo mzigo wa kwanza amebeba nani?"

Rajabu alisema mtandao mbaya, akakata, akakaa chini na kofia yake mkononi.

Mimi nilitoka mbio. Nilikimbia mpaka kijiweni, nikashika mkokoteni na maputo yake, na nikikwambia sijawahi kwenda mbio kama zile amini, kwa mara hii sijisifu. Buguruni nilimkuta Severa mlangoni. Benchi lilikuwa tupu. Suti ilikuwa imetundikwa kwenye kamba, na juu yake ile ngata.

"Amelala," Severa akasema. "Na mtu aliyelala haamshwi kwa maputo."

Nilishusha godoro. Nilisimama. Nilimwambia amwambie nimefika, na upesi kama ninavyofika siku zote.

Ila nilikuwa nimeshafungua.